Siku Niliyopeleka Vitabu Kwenye Meza ya Majong

Nikikumbuka siku ile bado natafuta pa kuuficha uso wangu, na miaka imepita, na wenyewe wameshanisamehe, lakini nikipita tu karibu na duka lile la vitabu kule Agincourt, huku Toronto, masikio yananiwaka moto, kwa hiyo nawaomba mnisikilize hadi mwisho ndipo mcheke (mtacheka tu, najua, maana mume wangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti, na huyo ni mtu aliyeapa kanisani kuwa nami katika shida na raha).

Wakati huo tulikuwa tumepanga besimenti, yaani vile vyumba vya chini kabisa ambavyo madirisha yake yanachungulia usawa wa nyasi, kwenye nyumba ya familia moja ya Kichina iliyotoka Hong Kong. Juu walikaa Bwana Leung na Mama Leung, wote wastaafu, pamoja na binti yao Karen aliyekuwa anafanya kazi benki. Bwana Leung alikuwa mtu wa salamu moja kwa siku, na hiyo salamu yenyewe ya kutikisa kichwa. Mama Leung yeye hakuwa na maneno mengi pia, lakini nilipougua mafua yale ya baridi ya kwanza, kila jioni nikitoka nakuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, ndani yake chombo cha supu ya moto yenye tangawizi na vitu vingine ambavyo hadi leo sivijui majina. Habishi hodi, hasubiri asante. Anauning'iniza anaondoka.

Na kila Jumamosi mchana, juu ya vichwa vyetu, tulisikia mvumo kama mvua ya mawe inayopiga bati. Ilikuwa majong, ule mchezo wao wa vigae vidogo ambao watu wanne wanaukalia meza nzima kutwa, na vile vigae vikichanganywa kwa mikono ndipo inatokea ile mvua. Mimi nilikuwa nalala pale chini najiuliza: hawa watu ni akina nani hasa? Wanawaza nini?

Msidhani nilikuwa mbea tu. Baba yangu alikuwa fundi kwenye ile reli ya kwenda Zambia, alifanya kazi na Wachina tangu kijana, na maisha yake yote alikuwa na swali moja. Kulikuwa na mhandisi wa Kichina kambini kwao, mtu mwembamba, ambaye kila wakimaliza kazi, wenzake wakicheza karata, yeye anakaa na kitabu kimoja kilichochakaa anasoma huku midomo inacheza. Baba hakuwahi kujua kile kitabu kilisema nini. Basi kila nikimpigia simu kwa zile kadi za kukwangua, baada ya habari za ng'ombe na mvua, lazima aulize, "Wachina wako hawajambo? Umewauliza wanasoma nini?" Nami nikaona, niko Toronto, mji wenye maktaba kila mtaa, nashindwaje kumtafutia mzee wangu jibu?

Nikaanza na maktaba. Dada wa maktaba akanipa historia nene kama tofali, nikaingia humo na wafalme wao, na majina yanafanana, na kila ukimzoea mmoja anapinduliwa, lakini jamani nilinasa! Nikasoma kwamba zamani mtu akitaka kazi ya serikali alifungiwa kwenye kijumba cha peke yake siku kadhaa anaandika mtihani, na humo humo anakula na humo humo analala, na kuna watu walirudia mtihani huo mpaka ndevu zikawa nyeupe. Nikampigia baba kumwambia, akasema, "Kumbe! Ndiyo maana walikuwa hawachoki." Nikachukua na vitabu vya falsafa. Huyu anasema kila mtu akae kwenye nafasi yake na adabu ifuatwe, huyu mwingine anasema acha mambo yaende yenyewe kama maji, nami nikikaa kwenye mapokezi ya kliniki ya meno Don Mills ninakofanya kazi nawaza, je, huyu mgonjwa aliyechelewa nimfuate na adabu au nimwache aende kama maji?

Sasa shida ikawa hii: vitabu ni vingi na kila kimoja kinampinga mwenzake. Nitajuaje kipi kizuri? Nikaangukia kitabu kibaya kuliko vyote, kijitabu chembamba chenye joka la dhahabu kwenye jalada, nilikipata kwenye mnada wa vitu vya zamani pale kanisani kwetu, kimeandikwa na bwana mmoja ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe nyuma ya kitabu, alikaa China likizo moja. Humo ndani kulikuwa na kanuni. Ukimpa Mchina kitu, mpe kwa mikono miwili. Mchina ukimpa zawadi atakataa mara tatu kwa adabu, wewe usikate tamaa, sisitiza.

Na ubaya wa kile kitabu ni kwamba hakikuwa cha uongo mtupu. Nilikijaribu! Nilikaanga maandazi, nikampelekea Mama Leung kwa mikono miwili. Akasema hapana, hapana, kaleni wenyewe. Nikasisitiza. Akasema mengi mno. Nikasisitiza tena. Mara ya tatu akatabasamu akapokea, na kesho yake chombo kikarudi kwenye kitasa kimejaa machungwa. Mimi nikajiona nimefuzu. Nikamwambia mume wangu, "Mimi hawa watu nimeshawaelewa." (Hayo maneno aliyaweka akiba, akanirudishia baadaye.)

Basi ikafika wiki ya Mwaka Mpya wao, theluji imejaa, na Jumamosi moja nikaenda kwenye duka la vitabu la Kichina kule kwenye jengo la maduka, maana nilisikia nyuma kabisa wana rafu ya vitabu vya Kiingereza kuhusu historia na utamaduni wao. Maduka yote yamefurika watu, ya keki, ya maua, ya nguo nyekundu, lakini duka la vitabu, hakuna mtu. Mzee mwenye duka aliponiona naingia alivua miwani.

"Leo?" akaniuliza. "Unanunua vitabu leo?"

"Ndiyo," nikasema, "nataka vizuri. Historia, utamaduni na falsafa. Kipi kizuri?"

"Vyote vizuri," akasema, akaanza kucheka peke yake, na akanipunguzia bei bila kuombwa. Mimi nikadhani nimempendeza kwa kupenda elimu. Nikatoka na mfuko umevimba, na kimoja kidogo cha falsafa nikakitia mfukoni mwa koti ili nisome ndani ya basi.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe, na lilikuwa dogo hivi. Sisi wapangaji tulikuwa na mlango wetu wa pembeni. Nilipofika nikakuta njia yake imeganda barafu, wakati ngazi za mbele zimesafishwa kwa ajili ya wageni, na mlango wa mbele haujafungwa vizuri, na pale kizingitini viatu vimepangwa, na ndani vigae vinagongwa mezani kimoja kimoja. Nikasimama. Nikawaza: wewe Tumaini, umezunguka maktaba na maduka unauliza kipi kizuri, na wazee wenye historia yao wenyewe wamekaa humu ndani. Kwa nini usiingie uwasalimie Mwaka Mpya, na uwaulize?

Nikavua buti, nikaingia na soksi.

Sebuleni meza ilikuwa katikati. Mama Leung alinipa mgongo. Kushoto mume wake. Kulia dada wa mume wake, ambaye Karen humwita Shangazi Mei, mwanamke mwenye nyusi za kuchora na sauti ya kuamrisha. Kiti cha nne kilikuwa kitupu, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameomba ruhusa kwenda msalani na wenzake wamesimamisha mchezo wanamsubiri. Karen alisimama mlango wa jikoni na sahani ya machungwa. Kulikuwa na ukimya fulani hivi ambao ningekuwa na akili ningeuheshimu.

"Heri ya Mwaka Mpya!" nikasema, na kwa upendo wangu wote nikamshika Mama Leung bega.

Alishtuka kama nimemmwagia maji ya baridi. Shangazi Mei alivuta pumzi. Nikadhani ni mikono yangu, inatoka nje kwenye theluji. Nikaweka mfuko kwenye pembe ya meza, nikautoa ule mzigo, nikasema nimenunua vitabu kuhusu nchi yenu, naomba mniambie kipi kizuri.

Sijawahi kuona watu wakivitazama vitabu namna ile. Bwana Leung alisogeza kiti nyuma. Karen pale mlangoni akawa anatikisa kichwa na midomo yake inasema kitu bila sauti, "vitabu, vitabu," nami nikamjibu kwa sauti kabisa, "Usijali Karen, na chako kipo!"

"Hapana," akasema Shangazi Mei. "Ondoa."

Mara ya kwanza hiyo, nikahesabu moyoni. Nikamwekea kitabu cha utamaduni mbele yake, kwa mikono miwili. Nikampa Bwana Leung cha falsafa. Akasema, "Hapana, tafadhali." Nikasema, "Karibu, karibu." Akanirudishia, nikamrudishia. Mama Leung nikamwekea ile historia kubwa, nene, mpya, naye akaisukuma kwa viganja vyote viwili akisema, "Tumaini, hapana, si leo, hapana," na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi, kwa sababu hiyo ilikuwa ya tatu! Nikaisukuma kurudi kwake kwa mikono miwili, kwa adabu, nikitabasamu, yeye akasukuma, mimi nikasukuma, na lile tofali likatuponyoka wote wawili likaanguka kifudifudi juu ya vigae vyake.

Vigae vya majong husimama kama ukuta mdogo, uso unamtazama mwenyewe tu. Vyake vikalala chali vyote. Kila mtu akaviona.

Shangazi Mei aliinama akavitazama, akafunika mdomo. Bwana Leung aliinuka taratibu, akaenda dirishani, akasimama anatazama theluji. Wakati huo huo mlango wa msalani ukafunguka, akatoka Anko Wing, mdogo wao wa mwisho, anajifuta mikono kwenye suruali, anauliza kwa Kichina kitu ambacho hata mimi nilikielewa: kuna nini?

Karen akanivuta jikoni.

"Kitabu kwa lugha yetu tunasema syu," akaniambia taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za hospitali. "Na kushindwa mchezo, unajua tunasemaje?"

"Mnasemaje?"

"Syu."

Nikakaa kwenye kigoda. Akaendelea: wakati wa Mwaka Mpya wengine hata dukani hawanunui kitabu, sembuse kukileta mezani pa majong. (Nikamkumbuka mzee wa duka na kicheko chake.) Na kumshika mchezaji bega, je? Hiyo, akasema, ni kumfuta bahati kama unavyofuta vumbi. Na vile vigae vya mama vilivyolala chali vinaitwa mayatima kumi na watatu, mkono, yaani mpangilio wa vigae, ambao mtu anaweza kucheza maisha yake yote asiupate, na mama alikuwa amebakiza kigae kimoja tu. Na kama hiyo haitoshi, sanduku lenyewe la vigae hivyo lilikuwa la bibi yake Karen, marehemu, alilivusha mwenyewe kutoka China bara hadi Hong Kong akiwa bibi harusi, na wanawe walikubaliana kwamba kila Mwaka Mpya atakayeshinda ndiye anakaa nalo mwaka mzima. Tangu bibi afariki halijawahi kutoka nyumba hii.

"Lakini walikataa mara tatu!" nikasema, karibu kulia. "Kitabu kinasema wakikataa mara tatu ni adabu!"

Karen akanitazama kwa huruma. "Walikataa kwa sababu walikuwa wanakataa."

Jamani, mtu akichanganyikiwa hafikiri. Nikainuka, nikarudi sebuleni, nikakusanya vitabu vyote kifuani bila kumtazama mtu, nikatoka mlango wa mbele na soksi zangu, nikapiga magoti kwenye rundo la theluji, nikachimba kwa mikono, nikavizika. Jirani wa ng'ambo alikuwa anasukuma theluji mbele ya gereji yake, akasimama na sepetu mkononi.

"Mambo yako sawa?" akauliza.

"Yako sawa kabisa," nikamjibu, huku napiga udongo wangu wa theluji ushikamane.

Nikarudi ndani nimejaa theluji hadi viwikoni. Bwana Leung, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kunipa zaidi ya kichwa, akageuka kutoka dirishani.

"Umevizika?"

"Ndiyo."

"Vyote?"

Nikapapasa koti. Kile kidogo cha falsafa kilikuwa mfukoni. Nikageuka nikatoka tena mbio, na nyuma yangu nikasikia Anko Wing anaangua kicheko, na cha Shangazi Mei kikafuata, nikashukuru kwamba angalau wawili kati ya wanne hawataniua.

Niliporudi nilitaka kuteremka kwangu nikajifungie, lakini Mama Leung akasema bila kugeuka, "Kaa jikoni. Ukitoka, utarudi na kingine." Nikakaa. Karen akanipa soksi kavu, tukamenya machungwa, tukasikiliza vigae. Karen akanisimulia habari za Anko Wing: fundi wa lifti, ameachana na mkewe siku nyingi, anaishi peke yake kwenye ghorofa moja kule karibu na barabara kuu, na mezani pa majong hajawahi kushinda chochote, kaka na dada yake husema wazi kwamba wanamwita ili kiti cha nne kisikae wazi.

Tukasikia sauti yake mara ya kwanza, anapiga kigae mezani, ameshinda. Baada ya muda, tena. Halafu tena. Karen akaacha kumenya. Akanitazama, nami nikamtazama, na nadhani tulilifikia wazo moja kwa pamoja: watu watatu mezani pale nimewapa vitabu kwa mikono yangu miwili. Mmoja alikuwa msalani.

Jioni ilipoingia Anko Wing alikuwa amewashinda wote kwa mbali, na amekaa pale haamini, mikono juu ya magoti. Tulisogea mlangoni kutazama. Mama Leung alivipanga vigae mwenyewe ndani ya sanduku, safu kwa safu, akafuta kifuniko kwa mkono wa sweta lake, akasimama akampa shemeji yake kwa mikono miwili. Wing akatikisa kichwa: hapana. Akampa tena. Wing akasema kitu kwa sauti ya chini, akasogea nyuma. Akampa tena, na safari hii Wing akapokea, akalikumbatia lile sanduku kifuani, na mtu mzima yule akalia kama mtoto, na Shangazi Mei mwenye nyusi zake akamshika mgongo.

Mimi nilishuka kwangu kimya kimya.

Wiki zilizofuata hakukuwa na mvua juu ya vichwa vyetu Jumamosi, na hakukuwa na chochote kwenye kitasa. Ukimya ule uliniumiza kuliko kama wangenifokea. Nikaanza kusoma matangazo ya nyumba za kupanga. Vitabu nilivifukua, nikavianika kwenye kipasha joto, vikavimba kurasa kama maandazi, sikuwa na moyo wa kuvisoma.

Halafu siku moja hodi. Mama Leung mwenyewe, na Karen nyuma yake wa kutafsiri. Hakuwahi kushuka kwetu hata siku moja. Akaketi, akakataa chai (sikusisitiza! nilikaa nimeshika birika naogopa hata kupumua, mpaka akacheka akaonyesha kikombe mwenyewe), kisha akasema, "Lete vitabu."

Nikavileta. Akachukua historia ile nene, akaifunua huku na huku, akamuuliza Karen jambo.

"Mama anauliza, humu ndani kuna mtu anayekula?"

"Anayekula?"

"Anayepika, anayekula, anayeumwa jino. Au ni wafalme tu?"

"Wafalme tu," nikakiri.

Akaiweka kushoto. Cha utamaduni akakisoma ukurasa mmoja mrefu, wa soko la asubuhi, akakiweka kulia. Kile kidogo cha falsafa akakipapasa, akasema maneno yake walikaririshwa shuleni, na aliyekosea alichapwa kiganja, na nusu yake hakubaliani nayo hadi leo, lakini nikisome, ili nami nipate cha kutokubaliana nacho. Na kile kijitabu cha joka Karen alimtafsiria kanuni moja baada ya nyingine, na Mama Leung akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho, halafu akaomba akichukue akamwonyeshe Shangazi Mei.

Nikapata ujasiri. Nikamwambia nasikitika kuhusu vigae, kuhusu mkono wake ule, kuhusu sanduku la mkwewe.

Akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake, bila kumngoja Karen. "Sasa Jumamosi tunaenda kwa Wing. Wote. Wing amenunua viti." Akarudia, "Miaka yote, kiti kimoja. Sasa amenunua viti."

Nikamimina chai.

Basi hayo ndiyo yangu. Tangu hapo nimeapa: nikitaka kujua mambo ya watu nawauliza wenyewe kwanza, tena wakiwa hawana kazi mikononi, halafu ndipo nitafute kitabu, na mtu akiniambia hapana namwelewa kwamba hapana. Siku hizi hata majong nimefundishwa, na Shangazi Mei akiugua naitwa kwa Wing kujaza kiti cha nne, mara nyingine Jumapili nikiwa natoka moja kwa moja kanisani. Na nikifika pale chini ya ghorofa, kabla sijapanda, nafungua mkoba, natoa Biblia yangu, naifungia ndani ya gari, naiomba radhi. Naamini Mungu ananielewa. Wing ndiye sina uhakika naye.